Picha ya Tatu ya Bonde Letu

Kazi yangu ni kupiga watu picha za vitambulisho. Mteja anaingia, anakaa kwenye kigoda, namwambia, "Inua kidevu, usicheke." Nabonyeza. Basi, ameshapata sura ya kuonyesha watu kwa miaka kumi. Siku nzima nafanya hivyo. Majirani wananiita Pasipoti, na jina hilo limenigandia mpaka nyumbani.

Chumba cha kazi ni kidogo. Kuna pazia jeupe ukutani, kigoda, na taa mbili. Dirisha hatulifungui, kwa hiyo ndani kuna giza. Kamera ni ya Bosi. Bosi ni mtu mwema, ila ana hofu na vidole vya watu. Siku ya kwanza aliipanga kamera yake sawasawa. Kisha akafunika kila gurudumu na kila kitufe cha kupangia kwa selotepu. "Kazi yako ni kubonyeza," aliniambia. "Mengine nimeshayamaliza."

Nami nikabonyeza miaka minne. Picha zote zilitoka sawa. Nikajiona mpiga picha hodari. Wee! Sikuwa najua lolote, na kutojua kwangu kulitugharimu kitu ambacho hakirudi.

Nyumbani tuko watatu: Baba, Mama na mimi. Tumepanga vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Kwetu hasa ni bondeni, mwendo wa saa mbili kwa gari. Baba ni fundi mwashi. Kule bondeni alijenga nyumba yetu kwa mikono yake. Alijenga shule. Alijenga pia ngazi za mawe zinazoshuka kutoka barabara ya juu ya kilima. Kisha siku moja akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nyonga ikavunjika, tukamleta mjini hospitali.

Akiwa bado amelazwa, bwawa jipya lilikamilika kwenye mto wetu. Milango ya bwawa ikafungwa. Maji yakaanza kujaa bondeni. Majirani wakahama. Mama na mimi tulikwenda tukatoa vitanda na vyombo, tukafunga mlango, tukaondoka. Mama aliufunga kwa ufunguo. Sijui alikuwa anamfungia nani.

Baba hakuona lolote kati ya hayo. Daktari alimkataza kupanda gari kwenye barabara mbovu mpaka mfupa ushike. Akawa anashinda chumbani. Kila asubuhi alishika ukuta akajizoeza kutembea.

"Leo nimefika mizunguko kumi na miwili," alituambia, jasho likimtoka. "Nikifika hamsini, narudi kwangu."

"Kwako kuna maji, Baba," nilimwambia.

"Maji ya mvua hayo. Yatapita zake."

"Si ya mvua. Ni ya bwawa. Nimeyaona kwa macho yangu."

"Nyumba yangu ina msingi wa mawe unaonifika kiunoni. Wewe umeona maji uani ukakimbia. Tangu utotoni wewe ni mwoga wa maji, hata kuoga ulikuwa unakimbizwa."

Mama alicheka. Nami nikacheka, maana ni kweli. Lakini kicheko hakikukaa.

Maofisa wa bwawa walikuja na fomu. Kila familia ilitakiwa ichague kiwanja kipya juu ya kilima. Orodha ingefungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Mwenye nyumba asipoweka dole gumba, familia yake haina kiwanja. Walimwonyesha Baba picha za bonde lililojaa maji. Baba akazirudisha bila kuzitazama mara mbili.

"Picha zenu, bwawa lenu," alisema. "Mnataka niseme ndiyo. Sisemi."

Walipoondoka nikamwonyesha picha kwenye simu yangu. Akaisukuma pembeni.

"Simu! Juzi simu ya jirani ilimwekea mkewe masikio ya paka. Hiyo ndiyo unataka niiamini?"

"Sasa unataka nini, Baba?"

"Niletee picha ya karatasi. Uipige wewe, kwa kamera ya kazi. Nataka nione ngazi zangu za mawe pale mbele. Nione shule. Nione milima nyuma. Vyote kwa pamoja na vyote viwe wazi, ndipo nijue ni kwetu. Nikiona maji kwenye picha hiyo, naweka dole."

Mama hakupenda jambo hilo. Aliniita jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwache baba yako. Kila asubuhi anaamka kwa ajili ya nyumba ile. Ukimnyang'anya, ataamka kwa ajili ya nini?"

"Na kiwanja je, Mama? Tutaishi nyuma ya duka la vioo mpaka lini?"

Mama aliendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Nilimwonea huruma, na nikakasirika pia, sijui nilimkasirikia nani.

Zilikuwa zimebaki Jumapili tatu.

Jumapili ya kwanza Bosi aliniazima kamera. Nilipanda lori la mchanga mpaka juu ya kilima. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Nikasimama pale ngazi za Baba zinapoanzia. Chini niliona bonde letu. Maji yalikuwa yamefika kwenye madirisha ya nyumba. Lakini nyumba ilikuwepo! Kuta zilionekana. Paa letu la bluu lilikuwa lote juu ya maji. Nikainua kamera, nikabonyeza, nikabonyeza tena, picha ishirini. Kioo cha nyuma cha kamera sikukiangalia. Jua lilikuwa kali, hakionekani kitu. Na kule kazini tangu lini nikaangalia? Zote hutoka sawa.

Upande wa pili wa barabara alikuwepo mwanamke mmoja na kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu. Nilimjua. Watu wa bondeni walimwita Mama Rula. Ni mpimaji wa bwawa. Kila baada ya siku saba huja mahali palepale kupiga picha ya maji yalivyopanda. Akanisalimia kwa mkono. Nikageuza uso kama sijamwona.

Jumatatu Bosi alizifungua picha kwenye kompyuta. Akajisogeza nyuma na kiti.

"Nini?" nikamuuliza.

"Njoo uone mwenyewe."

Zilikuwa nyeupe. Nyeupe pe, na ubluubluu wa ajabu, kama nguo iliyozidishiwa rangi ya kufulia. Pembeni tu palionekana kivuli cha mawe ya ngazi. Nyumba hakuna. Maji hakuna. Kitu hakuna.

Nilimpelekea Baba hivyohivyo, nikiwa na aibu. Aliishika karatasi akaigeuza juu na chini.

"Hii ni nini? Umepiga unga?"

"Imeharibika, Baba."

Akaisogeza karibu na uso. Polepole akaanza kutabasamu. "Haijaharibika. Hili ni jua. Jua limewaka kwetu hata kamera imeshindwa. Pakavu kabisa!" Akamwita Mama. "Si niliwaambia?"

Siku hiyo alitembea mizunguko ishirini. Mama alinitazama, akatoka nje.

Nilirudi kwa Bosi nikamwambia kwamba tatizo ni selotepu zake. Amepanga kamera kwa ajili ya chumba chenye giza, nami nimeipeleka kwenye jua. Bosi akakuna kichwa. Mwishowe akaniruhusu kuzibandua.

"Lakini nisikilize," alisema. "Hizi namba zenye herufi f ndiyo siri ya picha. Namba ndogo ndiyo tamu. Weka ndogo kuliko zote, picha itang'aa kama ya harusi. Muda iache kamera ijipangie, nyingine zote ziache nilivyoziweka."

Nikamwamini. Yeye ndiye Bosi.

Jumapili ya pili nilifika mapema. Bonde lilikuwa na mwanga mzuri. Lakini nilipotazama chini sikuiona nyumba. Kuta hazikuwepo. Kilichobaki ni mstari mmoja mwembamba wa bluu juu ya maji. Ni kilele cha paa letu. Nikaweka namba ndogo kama nilivyoambiwa. Nikalenga ngazi ya kwanza, maana Baba aliitaja kwanza. Nikapiga.

Safari hii ngazi zilitoka vizuri mno. Ungeweza kuhesabu nyufa za mawe. Ila nyuma ya ngazi kila kitu kilikuwa kimeyeyuka. Shule ilikuwa doa. Milima ilikuwa doa. Maji na mbingu vilichanganyika, na ule mstari wa bluu ulipotea humo.

Baba alizitambua ngazi zake mara moja. Akazipapasa kwa kidole. "Hizi ni zangu. Sasa tunaongea!" Kisha akatazama nyuma ya ngazi. "Na huku ni ukungu."

"Si ukungu, Baba. Ni mimi nimekosea kupiga."

"Ukungu huu naujua tangu nikiwa mdogo. Unashuka asubuhi, ukifika saa nne umeondoka. Nyumba ipo humo ndani, imetulia." Akaiweka picha ukutani juu ya kitanda.

Nilitoka nje nikalia kwa kwikwi nyuma ya duka la vioo. Kila nilipokosea, Baba alizidi kuamini. Nilikuwa namjengea nyumba ya uongo kwa mikono yangu mwenyewe. Na ile ya kweli ilikuwa inazama.

Jumapili ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Ijumaa ile. Nilifika kilimani saa mbili asubuhi. Kulikuwa na wingu zito mbinguni. Nikatazama chini nikatafuta mstari wa bluu. Nikautafuta tena. Haukuwepo. Palikuwa na maji matupu, yametulia, mpaka kwenye ukuta wa shule. Shule iko juu kidogo kuliko kwetu, ndiyo maana ilikuwa bado inaonekana nusu.

Nikaketi kwenye ngazi. Nilikuwa na kamera mapajani na sikuona faida ya kuiinua. Nipige nini sasa? Wiki mbili zilizopita nyumba ilikuwa pale, mbele yangu, na mimi nikapiga unga.

"Mdogo wangu," sauti ilisema nyuma yangu, "utaketi hapo mpaka mwanga uishe?"

Alikuwa Mama Rula. Nikasimama kwa hasira.

"Usiniite mdogo wako. Nyinyi ndio mmetuzamisha."

"Mimi napima tu. Maji hayaniulizi." Alisema bila kukasirika. Uso wake ulikuwa umechoka. "Nimekuona Jumapili tatu. Ya kwanza ulipiga mchana wa jua kali bila kuangalia kioo. Ya pili ulilenga jiwe la miguuni kwako. Unatafuta nini hasa?"

Sikutaka kumwambia. Lakini mtu akijaa, atamwaga tu. Nikamwambia yote: Baba, nyonga, dole gumba, unga na ukungu. Mama Rula alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nipe picha zako za wiki zile," nikamwambia. "Wewe unazo. Nyumba yetu imo."

"Imo. Lakini ni mali ya ofisi, siruhusiwi kutoa hata moja. Na hata nikitoa, baba yako alishamrudishia mwenzangu picha hizohizo." Akaisogeza miguu mitatu yake mpaka pale niliposimama. "Lete kamera yako. Nikuonyeshe."

"Kuna faida gani? Nyumba haipo tena."

"Yeye hakuomba picha ya nyumba. Aliomba ngazi, shule na milima, vyote viwe wazi. Hivyo vipo."

Nikampa kamera. Aliifunga juu ya miguu mitatu, akaisukuma kidogo kuhakikisha imesimama imara.

"Wewe umezoea uso," alianza. "Uso uko karibu, uko ndani, na unatulia kwenye kigoda. Bonde liko nje, linaanzia miguuni kwako na kuishia kwenye mlima. Ukilipiga kama unavyopiga uso, utapata jiwe tu. Ona hapa. Lenzi ina tundu la kuingizia mwanga. Namba za f ndizo ukubwa wa hilo tundu. Ila zinakwenda kinyumenyume. Namba ndogo, tundu kubwa. Namba kubwa, tundu dogo."

"Mbona wametengeneza vibaya hivyo?"

"Waulize waliotengeneza. Sasa, tundu likiwa kubwa, kitu kimoja tu kinakuwa wazi, vingine vyote vinayeyuka. Kwa uso inapendeza. Tundu likiwa dogo, vya karibu na vya mbali vyote vinakuwa wazi. Umeshamwona mtu asiye na miwani akisoma? Anafanyaje?"

"Anafinya macho."

"Haya. Nasi tunaifinya kamera. Hakikisha gurudumu kubwa liko kwenye herufi A. Kwenye kamera nyingine wameandika Av. Hapo wewe unachagua tundu, kamera inachagua muda. Weka namba kumi na moja."

Nikaizungusha. Kumi na moja. "Nisiweke ishirini na mbili kabisa? Ifinywe zaidi?"

"Ukizidisha sana, picha inaanza kulegea tena. Kwa bonde, nane mpaka kumi na moja inatosha. Sasa tafuta palipoandikwa ISO. Umeweka ngapi?"

"Elfu moja na mia sita. Ni ya Bosi."

"Chumbani kwenu kuna giza, ndiyo maana. Namba hiyo inaifanya kamera ihisi hata mwanga mdogo. Ndiyo iliyokuletea ule unga, pamoja na tundu kubwa. Namba ikiwa kubwa, picha inakuwa na chengachenga pia, huwezi kuona vitu vidogo. Huku nje mwanga ni wa bure. Weka mia moja."

Nikaweka mia moja. Akaniambia nibadilishe pia mpangilio wa rangi: nitoe alama ya taa, niweke alama ya wingu. Alama ya taa ndiyo iliyonipa ule ubluubluu.

"Sasa angalia kamera imechagua muda gani."

"Moja ya kumi na tano ya sekunde. Si ni kufumba na kufumbua?"

"Kwako. Kwa kamera ni muda mrefu. Tundu ni dogo, namba ya kuhisi ni ndogo, kwa hiyo kamera lazima ikae wazi zaidi ili ishibe mwanga. Ukiishika mkononi, mkono utatikisika na picha itatikisika nayo. Ndiyo kazi ya miguu mitatu. Ukiwa huna, iweke juu ya ukuta au jiwe lililotulia. Hata kidole kinatikisa. Washa saa ya kuhesabu, sekunde mbili. Bonyeza, toa mkono, iache ijipige yenyewe."

"Na nilenge wapi? Baba anataka ngazi, anataka na milima."

"Usilenge ngazi ya kwanza wala mlima. Lenga kati, ila upande wa karibu. Ile ngazi ya ishirini pale, yenye jiwe jekundu. Kutoka hapo uwazi utarudi nyuma mpaka miguuni, na utakwenda mbele mpaka milimani."

Nikalenga jiwe jekundu. Nikabonyeza, nikatoa mkono. Moja, mbili. Kamera ikapiga.

"Umemaliza?" Mama Rula aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza! Ndiyo makosa yenu ya kwenye kigoda. Angalia kioo."

Nikafunika kichwa na kamera kwa mtandio wangu ili nione. Ngazi zilikuwa wazi. Nikaikuza picha, nikasogea mpaka shule. Wazi. Nikasogea mpaka milima. Wazi! Ila sehemu ya mbingu ilikuwa inamweka, inawaka na kuzima.

"Panapomweka pameungua," alisema. "Pamebaki peupe tu. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Shusha moja upande wa kutoa. Piga tena."

Nikashusha. Nikapiga. Nikaangalia. Haikumweka tena. Mbingu ilikuwa na mawingu yake, milima ilikuwa na miti yake, na maji yalikuwa maji. Hakuna mtu ambaye angeyaita jua. Hakuna ambaye angeyaita ukungu.

Nilibaki ndani ya mtandio. Nilikuwa nimeipata, na haikuwa na nyumba yetu.

"Wiki mbili," nilimwambia Mama Rula. "Ningeyajua haya wiki mbili zilizopita."

"Najua," alisema. "Pole sana." Akafungua kamera yangu kutoka kwenye miguu mitatu yake, akaweka ya kwake, akaanza kazi yake.

Bosi aliichapa picha kwenye karatasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Aliitazama muda mrefu. "Uliweka namba gani?" aliuliza.

"Kumi na moja."

"Na mimi nilikwambia ndogo." Akainama. Kisha akaniazima kioo chake cha kukuzia, kile anachoangalizia madoa kwenye picha.

Nilimpelekea Baba Alhamisi, jioni mapema, taa zikiwa hazijawashwa. Mama alipoiona ile karatasi mikononi mwangu alikaa chini. Baba alikuwa amefika mizunguko thelathini na minne.

Akaipokea kwa furaha. "Leo umeleta zulia kabisa!" Akaitandaza kitandani. Akaziona ngazi zake. Akazifuata kwa kidole kwenda chini, jiwe kwa jiwe. Kidole kikafika mahali ngazi zinapoingia majini. Kikasimama.

Akatafuta uso wangu. Sikuweza kumtazama.

"Nipe hicho kioo," alisema.

Akakiweka juu ya shule. Midomo yake ikaanza kuhesabu. Nilidhani anahesabu madirisha, lakini madirisha yalikuwa yamezama. Alikuwa anahesabu kozi, yaani mistari ya matofali. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hapo maji yakaanza.

"Ukuta huu nimeupanga mimi," alisema. "Kutoka sakafuni mpaka juu, kozi kumi na mbili. Tano ziko nje. Saba ziko majini."

"Baba..."

"Subiri kwanza. Siku tuliyoweka msingi wa shule, nilivuta mpira mrefu wenye maji ndani kutoka nyumbani mpaka pale, kupima usawa. Nilitaka sakafu ya darasa iwe sawa na kilele cha paa letu. Ulikuwa unakaribia kuanza shule, na ulikuwa mtoto wa kulialia. Nikasema, akikaa darasani, aone paa la kwao dirishani." Kidole chake kikatoka shuleni, kikashuka polepole juu ya maji, kikatulia mahali palipokuwa patupu. Ni palepale ilipo nyumba. "Maji huwa hayana kilima. Kama pale ni kozi saba juu ya sakafu, basi hapa ni kozi saba juu ya paa langu. Nikisimama kileleni, yananifika kidevuni."

Kina hicho hakuna aliyemwambia. Alijipimia mwenyewe, kwa vipimo vyake, na fundi hawezi kuvikataa vipimo vyake. Mama alianza kulia. Baba aliendelea kushika kioo hata baada ya kuacha kutazama.

Ijumaa asubuhi maofisa walikuja na fomu, naye akaweka dole gumba. Alichagua kiwanja cha upande usiotazama bonde. Hakuna aliyemuuliza sababu. Mwaka huu tutajenga huko. Tayari mawe ya msingi yameshapelekwa, na familia yetu ina mahali pa kwenda. Hilo ni jema, nami nalishukuru. Bosi hakurudisha selotepu zake. Watu wa vijiji vya juu, ambako maji yatafika mwakani, wameanza kunifuata niwapigie nyumba zao mapema. Nawaendea na miguu mitatu. Naweka kumi na moja, naweka mia moja, nalenga kati upande wa karibu, natumia sekunde mbili, kisha naangalia kioo. Ofisi ya bwawa niliiandikia barua kuomba picha za wiki zile mbili. Mpaka leo sijajibiwa.

Lakini jioni ile ya Ijumaa, maofisa walipokwisha kuondoka, Baba aliniita. Alikuwa amelala, ameelekea ukutani.

"Umepiga vizuri sana, mwanangu," alisema. "Kila kitu kinasomeka."

"Asante, Baba."

Akagusa ile picha ya ukungu ukutani.

"Ningefurahi kama ungekosea tena."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake.